Pima Kwanza, Ndipo Uulize

Mwaka 1880 Vincent van Gogh, akiwa na umri wa miaka 27, aliamua kuwa mchoraji. Alikuwa akiishi Cuesmes, kijiji cha wachimba makaa ya mawe nchini Ubelgiji, na mwalimu hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni karatasi za mazoezi za kuazima: Cours de dessin, mfululizo wa michoro karibu 200 ulioandaliwa na Charles Bargue kwa kushirikiana na Jean-Léon Gérôme, na kuchapishwa Paris kati ya 1866 na 1871. Aliinakili michoro hiyo mmoja baada ya mwingine, akamaliza, akarudia. Wiki chache kabla ya kifo chake mwaka 1890, alipokwisha kufanya kazi ambazo leo dunia nzima inazijua, alikuwa bado anamwandikia ndugu yake amtumie mazoezi ya Bargue ayafanye upya.

Karatasi za Bargue hazikusema neno. Hazikumsifu wala kumlaumu. Ila zilimpa kitu ambacho kila anayejifunza peke yake anakihitaji, nacho ni kipimo. Mchoro wa kuigwa uko kushoto, wako uko kulia. Ukinyoosha uzi kutoka mmoja hadi mwingine, kosa linajitokeza lenyewe, halina ubishi. Mwanafunzi wa leo aliyeko Songea, Kitale au Bukavu yuko katika hali ya kinyume. Mfukoni ana msaidizi wa akili mnemba anayezungumza Kiswahili saa yoyote bila kuchoka, anayeweza kupokea picha ya mchoro na kuujadili aya baada ya aya. Maneno anayo tele. Kipimo hana.

Naunga mkono msaidizi huyu atumike katika kujifunza uchoraji wa uhalisia, kwa sharti moja lisilo na msamaha: mwanafunzi apime kwanza kwa jicho na mkono wake, ndipo aulize, na akishajibiwa, arudi kupima tena. Msaidizi anajua yaliyoandikwa. Kilicho mbele yako, juu ya meza yako, chini ya mwanga wa dirisha lako, hakijui.

Kazi yenyewe ni kuona

Weka yai jeupe juu ya kitambaa cheupe, washa taa moja upande wa kushoto, uzime nyingine zote. Upande unaotazama taa unang'aa. Kadiri umbo linavyojipinda kuukimbia mwanga, toni, yaani kiwango cha mwanga na giza, inashuka taratibu hadi mpaka ambao taa haiwezi kuuvuka, na hapo unakuta ukanda wenye giza zaidi. Kisha, karibu na ukingo wa upande wa pili, yai linapata nuru tena kidogo, kwa sababu kitambaa kinalirudishia mwanga. Mwisho kuna kivuli kilicholala mezani: karibu na yai ukingo wake ni mkali, na kadiri kinavyokwenda mbali ukingo unalegea.

Wengi hukosea mahali pamoja. Ile nuru inayorudishwa na kitambaa huipa weupe mno, karibu sawa na upande wa taa, na yai linapoteza uzito wake. Si uzembe. Ubongo hausomi toni peke yake. Huisoma kwa kuilinganisha na jirani zake. Nuru hafifu ikizungukwa na giza huonekana kali. Mwaka 1995 Edward Adelson wa chuo cha MIT alitengeneza picha ya ubao wa drafti ulioangukiwa na kivuli cha silinda, ambamo miraba miwili yenye kijivu kile kile kabisa inaonekana mmoja wa giza na mwingine mweupe. Hata ukishaambiwa ukweli, jicho linaendelea kudanganyika.

Dawa yake ni rahisi. Chukua kipande cha karatasi ya kijivu, toboa matundu mawili madogo, kisha uyatazame maeneo mawili ya yai kupitia matundu hayo. Jirani wakishafichwa, nuru uliyodhani ni nyeupe inageuka kijivu cha kutosha. Ukifanya hivyo mara nyingi, jicho linaanza kulinganisha lenyewe bila karatasi. Mabadiliko hayo ndani ya jicho ndiyo elimu ya uhalisia. Mkono hujifunza mapema. Jicho ndilo linalodai miaka.

Msaidizi anaweza kukueleza haya yote kwa dakika mbili, vizuri kabisa. Kukueleza si kukuonesha, na kuoneshwa si kuona.

Anapofaa

Uchoraji wa uhalisia una maarifa mengi ambayo zamani yalifungiwa ndani ya karakana za mabwana na kupitishwa kwa wanafunzi wachache. Sehemu kubwa yake husemeka kwa maneno, na hapo msaidizi ana msaada wa kweli.

Chukua rangi za mafuta. Hazikauki kwa kupoteza maji kama akriliki. Mafuta ya kitani ndani yake hukutana na oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa utando mgumu. Kwa hiyo tabaka za chini ziwe na mafuta machache kuliko za juu. Ukipindua utaratibu huo, tabaka la juu hukauka kabla ya la chini, la chini likiendelea kujivuta, na picha hupasuka. Kwa sababu hiyo hiyo unaweza kupaka mafuta juu ya akriliki iliyokauka, lakini akriliki juu ya mafuta haishiki. Mwanafunzi aliyejinyima kununua tubu chache za rangi anastahili kuyajua haya kabla ya kufungua kifuniko, na msaidizi atamweleza sheria pamoja na sababu yake, tena atavumilia kuulizwa mara tano.

Msaidizi anafaa zaidi katika kuuchambua mkanganyiko. Mwanafunzi anasema, «Rangi yangu haikai sawa.» Hilo ni lalamiko, bado halijawa swali. Albert Munsell, Mmarekani aliyechapisha mfumo wake mwaka 1905, alionesha kwamba kila rangi ina sura tatu zinazopimwa kila moja peke yake: ni rangi gani, ina mwanga kiasi gani, na imekolea kiasi gani. Msaidizi akiambiwa tatizo, anaweza kulivunja katika maswali hayo matatu na kumrudisha mwanafunzi kwenye meza. Je, nyekundu ya kitambaa ina giza mno au imekolea mno? Ukikodoa macho, inatofautiana na ukuta au inazama ndani yake? Mara nyingi jibu ni kwamba rangi ilikuwa sahihi na toni ndiyo iliyokosewa.

Anafaa pia kupanga mazoezi kulingana na mfuko wako. Mwambie una penseli ya 2B na 6B, vipande vya mkaa, raba, na karatasi za manila, na kwamba una saa moja jioni baada ya kazi. Atakupangia mwezi mzima wa vitu vya nyumbani: mayai, vikombe, sufuria, vitambaa vilivyokunjwa, na hatimaye mkono wako wa kushoto.

Anapopotosha

Kosa la kwanza ni la vipimo. Programu hizi huigeuza picha kuwa vipande vidogo na kila kipande kuwa namba. Kutokana na namba hizo zinatambua kwamba hapa kuna pua, hapa kuna bilauri. Kutambua kitu na kupima urefu au mwinamo wake ni kazi mbili tofauti, na ya pili bado inawashinda mara kwa mara. Msaidizi atasema bega limeinama kupita kiasi kwa uhakika ule ule anaotumia kukuambia kwamba mtu uliyemchora amevaa shati. Wewe usikiaye huwezi kutofautisha anachojua na anachokisia.

Kosa la pili limejificha zaidi. Tuseme umemchora shangazi yako. Uso wake ni mrefu, paji pana, na jicho la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Umenyoosha mkono, umefumba jicho moja, umepima kwa penseli, na vipimo vimekubali. Ukimtumia msaidizi mchoro huo peke yake, anaweza kukuambia kwa upole kwamba macho hayajalingana na paji ni refu mno. Kwa kanuni za vitabu amesema kweli: mstari wa macho hukaa katikati ya utosi na kidevu, na kichwa kina upana wa macho kama matano. Lakini kanuni hizo ni wastani wa watu, na shangazi hakuketi pale awe wastani. Ukizifuata utapata uso uliolingana vizuri ambao hakuna ndugu atakayeutambua. Sura ya mtu imo katika umbali wake na kanuni, na umbali huo ndio msaidizi anaoelekea kuufuta.

La tatu ni sifa. Mifumo hii hufunzwa kwa sehemu kutokana na majibu yanayowapendeza watumiaji, na binadamu hupendezwa na kusifiwa. Mwezi Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo jipya la ChatGPT siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa limezidi kuwabembeleza watu. Kwa anayejifunza kuchora, sifa isiyo na msingi ni hasara kubwa kuliko tusi, kwa kuwa inamwondoa mezani akiwa bado na kosa ambalo angeligundua kwa robo saa zaidi ya kutazama.

La nne ni picha zinazozalishwa na mashine. Wapo wanaomwambia msaidizi awatengenezee uso au ua, kisha wanalichora. Ndani ya picha hiyo kivuli kinaweza kuelekea upande ambao hakuna taa inayoweza kukielekeza, na vidole vinaweza kukutana mahali pasipo na mfupa. Uhalisia ni elimu ya sababu: kila toni ipo kwa kuwa kuna mwanga fulani ulioanguka juu ya umbo fulani. Pasipo mwanga wala umbo, hakuna cha kujifunza. Elimo Njau, mchoraji wa Marangu aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, anajulikana kwa kukemea kunakili, na alikemea kwa sababu kunakili kunalaza kile kilicho hai ndani ya mchoraji. Mazoezi ya Bargue yanajitetea mbele ya onyo hilo, maana yanaamsha kipimo na mwisho wake humpeleka mwanafunzi kwa mtu aliye hai. Picha ya mashine haimpeleki popote. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeomba msaidizi «amrekebishie» mchoro: anarudishiwa kazi safi, na jicho lake limebaki lilipokuwa.

Jua letu na ngozi yetu

Maarifa ya msaidizi yametoka katika yaliyoandikwa, na kuhusu uhalisia walioandika sana ni watu wa Ulaya na Marekani. Athari yake inaonekana katika mambo mawili ya kila siku.

Uliza dirisha la studio litazame wapi bila kutaja ulipo, na jibu la kawaida ni kaskazini. London au Paris ni jibu sahihi: jua la adhuhuri huko hupita kusini mwaka mzima, hivyo dirisha la kaskazini hupata mwanga wa mbingu uliotulia. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu wiki ya pili ya Oktoba jua la adhuhuri hupita kaskazini. Kwa miezi hiyo saba dirisha la kaskazini litakuletea jua lenyewe mezani, na anayetaka mwanga uliotulia afungue la kusini. Miezi inayobaki mambo hugeuka. Nairobi, karibu kabisa na ikweta, mwaka hugawanyika takriban nusu kwa nusu. Mwambie msaidizi mji na mwezi, naye atapiga hesabu vizuri. Usipomwambia, atakupa studio ya Paris.

Jambo la pili ni ngozi. Uliza namna ya kuchanganya rangi ya ngozi, na mapishi yanayokuja haraka huanza na nyeupe, njano ya udongo na nyekundu. Ni mapishi yenye heshima; Anders Zorn wa Sweden alijulikana kwa paleti ya nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Lakini kwa mtu wa Pwani, wa Ziwa au wa Kigali yanaanzia upande usio wake, na mwanafunzi hujikuta akitia nyeusi kidogo kidogo hadi uso unageuka majivu.

Itazame ngozi nyeusi karibu na dirisha. Uso wa juu wa ngozi yoyote, ya nani awaye, hurudisha moja kwa moja takriban asilimia 4 ya mwanga unaoipiga kutoka mbele, na mwanga huo hubaki na rangi ya chanzo chake. Mwanga uliobaki huingia ndani, hukutana na melanini, na hutoka umepungua. Kwenye ngozi nyeusi unaotoka ndani ni mchache, kwa hiyo ule wa juu hujitokeza kwa nguvu zaidi: mng'aro kwenye mfupa wa shavu, kwenye paji, kwenye ncha ya pua. Nje, chini ya mbingu, mng'aro huo huelekea bluu; chini ya balbu ya manjano huelekea njano. Anayeupaka mweupe tu, au anayeutengeneza kwa kuongeza nyeupe kwenye kahawia ile ile ya uso, ameukosa. Umbo la uso limebebwa na ming'aro hiyo, na rangi za msingi zinaanzia kwenye kahawia ya amba na bluu ya altramarini, zikipashwa moto kwa nyekundu pale damu ilipo karibu, kama kwenye midomo na masikio.

Mashine zimewahi kupimwa katika eneo hili. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichunguza programu tatu za kibiashara za kukisia jinsia kutokana na uso. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Programu zile si wasaidizi wa leo, na mengi yamerekebishwa tangu hapo. Fundisho linabaki: mashine huona vizuri kile ilichooneshwa sana.

Utaratibu ninaoupendekeza

Chora hadi mwisho simu ikiwa mbali. Kisha pima. Timazi ya fundi mwashi, uzi wenye kitu kizito mwishoni, itakuonesha kama sikio kweli liko juu ya kona ya taya. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji watazame kazi yao kwenye kioo, na ushauri huo haujapitwa: mchoro uliogeuzwa huonekana kama wa mtu mwingine, na makosa ya mtu mwingine huwa tunayaona upesi. Leon Battista Alberti, mwaka 1435, alipendekeza pazia jembamba lenye nyuzi za miraba kati ya mchoraji na kitu. Fremu ya mbao na uzi wa kushonea vinatosha kulitengeneza.

Andika kwenye daftari makosa matatu unayoyaona wewe mwenyewe. Hatua hii isirukwe. Asiyeyaandika atadhani aliyajua yote pindi msaidizi atakapoyataja.

Sasa piga picha mbili, ya kitu na ya mchoro, kutoka mahali ulipokaa. Simu iwe wima sambamba na karatasi, mwanga uwe sawa kote. Ukipiga uso, rudi nyuma kama mita mbili na uvute picha, kwani simu iliyo karibu huikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Kama ni uso wa mtu, mwombe ruhusa kabla ya kuupakia kwenye mtandao. Kukubali kuchorwa si kukubali kutumwa.

Swali lako liwe na mipaka. «Mchoro wangu ukoje?» huzaa sifa. Andika hivi: «Hili ni yai jeupe juu ya kitambaa cheupe, taa moja iko kushoto juu. Usinisifu na usinichoree. Nitajie sehemu tatu ambapo toni ya mchoro inatofautiana na ya picha, na kwa kila moja niambie nitaipimaje mwenyewe.» Kipande cha mwisho ndicho chenye uzito, kwa kuwa kinageuza kila hukumu ya msaidizi kuwa zoezi.

Halafu simu irudi mfukoni, wewe urudi kwenye yai. Kila alichosema kipime, na pembeni uandike ndiyo au hapana. Baada ya wiki kadhaa daftari litakuwa na orodha mbili za thamani. Ya kwanza ni makosa unayoyarudia, na kwa kawaida ni machache kuliko unavyohofia. Ya pili ni mambo ambayo msaidizi huyakosea, na kuanzia hapo utajua lini umsikilize na lini umpite. Dalili ya maendeleo ni kwamba maswali yako yanapungua na kuwa mafupi, maana mengi yamekwisha kujibiwa kabla hujayaandika.

Walimu nao wana sehemu yao. Kuanzia Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya uchoraji katika miaka ya 1930, hadi Bagamoyo na Chuo Kikuu cha Kenyatta, na katika karakana nyingi zisizo na kibao mlangoni, kuna watu waliotumia maisha yao kuutazama mwanga wa ikweta ukianguka juu ya nyuso zetu. Wanayoyajua mengi yanapita kwa mdomo na mkono, kutoka kwa mwalimu hadi kwa wanafunzi wachache. Hayamo vitabuni, na kwa hiyo hayamo ndani ya mashine. Walimu hao wayaandike kwa Kiswahili: ngozi wanaichanganya kwa rangi zipi, dirisha wanalifungua mwezi gani, mkaa wanauchoma kwa mti upi. Wanafunzi wao watafaidika mwaka huu huu, na wasaidizi watakaokuja watakuwa na jambo la kujifunza kutoka kwetu.